Mikono Mingi, Sahani Moja
Kijitabu cha afya kwa familia za Kisumu na kando ya Ziwa Victoria

Kando ya ziwa hili hatuli peke yetu. Ugali ukishapinduliwa, omena wakishatiwa bakulini, kila aliyepo nyumbani anakaribishwa, na jirani akipita mlangoni wakati huo haachwi aende kabla hajamega tonge. Ni desturi njema na kijitabu hiki hakikuandikwa ili kuivunja. Kimeandikwa kwa sababu mkono unaoingia sahanini unaweza kuwa umebeba ugonjwa, na kwa sababu mtoto mdogo anayekula sahani moja na wakubwa anaweza kulala na njaa bila mtu yeyote kujua. Mambo hayo mawili yanarekebishika humu humu nyumbani, bila gharama kubwa.

Sabuni ije kabla ya samaki

Waangalie watu wakila samaki, iwe nyumbani Nyalenda au kwenye kibanda pale Dunga. Kabla ya kula, maji hupitishwa, kila mtu anajimwagia kidogo, anakung'uta vidole na kuanza kumega. Wakishamaliza ndipo sabuni inapoitishwa, kwa kuwa harufu ya ngege haitoki kwa maji matupu. Kwa hiyo sabuni ipo nyumbani, na mazoea ya kuitumia yapo. Shida ni kwamba inafika wakati uchafu wa chooni, wa nepi ya mtoto na wa noti zilizoshikwa kutwa nzima sokoni Kibuye umeshamezwa pamoja na tonge la kwanza. Tunaloomba ni jepesi: sabuni ile ile itolewe kabla ya kula pia. Sugueni viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole na chini ya kucha kwa muda wa sekunde 20, kisha suuzeni kwa maji yanayotiririka.

Maji yanayotiririka yana maana yake. Katika nyumba nyingi linaletwa beseni moja, baba anatumbukiza mikono, anafuata mgeni, kisha watoto kwa zamu. Mtu wa mwisho ananawa uchafu wa wote waliomtangulia. Majirani zetu wa Kisumu wana desturi ya kuigwa hapa. Katika nyumba za Waislamu wa Kaloleni, kama ilivyo Pwani, kijana huzunguka na birika na bakuli, akimmiminia kila mlaji maji juu ya mikono, na yaliyotumika yanaangukia bakulini. Wao pia hula kwa mkono wa kulia, na wa kushoto huachiwa shughuli za chooni. Waluo nao wanajua kumnawisha mgeni: mtoto wa nyumbani husimama na jagi na kumimina. Heshima tunayompa mgeni tuwape na watoto wetu kila siku.

Pale pasipo na mfereji, tengenezeni kibuyu chirizi. Chukueni mtungi wa lita 5, mtoboe tundu dogo karibu na mdomo kwa msumari uliopashwa moto, mkauning'inize kwenye mti kati ya nguzo mbili. Fungeni kamba kwenye shingo ya mtungi na upande wa pili muifunge kwenye fimbo iliyolala chini. Ukikanyaga fimbo, mtungi unainama na maji yanachirizika, na mkono mchafu haugusi kitu chochote. Sabuni iwekwe ndani ya kipande cha wavu mkuukuu na kuning'inizwa hapo hapo. Haitaanguka mchangani wala kuchukuliwa na kuku. Kimoja kiwe karibu na choo, kingine karibu na jiko.

Maji ya ziwa na chakula cha matanga

Kati ya Juni 1997 na Machi 1998, hospitali za mkoa wa Nyanza zililaza wagonjwa wa kipindupindu 14,275. Kati yao 547 walikufa. Watafiti waliwalinganisha baadhi ya wagonjwa na watu wa rika lao ambao hawakuwa na kipindupindu, wakauliza wamekunywa nini, wamekula wapi na wamekula na nani. Mambo matatu yalijitokeza: kunywa maji ya ziwa au ya mto, kula pamoja na mtu anayeharisha maji maji, na kuhudhuria karamu za mazishi.

Hilo la mwisho linatugusa moyoni, na lazima tulizungumze kwa heshima. Kumzika mtu wetu bila kuwalisha waliokuja kulia naye ni jambo ambalo Mluo hawezi kulikubali, na Mluhya pia. Wala hakuna haja ya kuiacha desturi hiyo. Hatari inatokana na jinsi chakula kile kinavyopikwa: watu mia kadhaa, choo kimoja, maji yaliyochotwa kwa haraka popote yalipopatikana, nyama na wali uliopikwa jana jioni ukapakuliwa leo saa sita, na wapishi waliokesha ambao hawana hata pahali pa kunawa.

Kamati ya matanga inapogawa kazi za kuni, hema na ng'ombe, imteue pia mtu wa maji. Kazi yake ni kuhakikisha kila mtungi wa maji ya kunywa umetiwa dawa, mtungi wenye sabuni upo kati ya choo na hema, na mwingine upo pale watu wanapopanga foleni ya chakula. Chakula kipikwe siku ile ile kinapoliwa na kipakuliwe kikiwa bado kinatoa mvuke. Apakue mtu mmoja kwa upawa, watu wasichote kila mmoja kwa mkono wake. Kilicholala kichemshwe hadi katikati kitokote, la sivyo kimwagwe. Mpishi aliyeharisha juzi au jana apumzike, hata kama ndiye fundi wa kupika katika ukoo mzima. Na kama marehemu alikufa kwa kipindupindu, mwiteni afisa wa afya ya umma kabla mwili haujaoshwa. Wanaoosha mwili wasiwe ndio wanaopika.

Nyumbani, maji ya ziwa yasinywewe yalivyo, hata yakionekana meupe. Yakiwa na tope, yaacheni yatulie, myachuje kwa kitambaa safi, kisha myachemshe mpaka yatokote kweli kweli. Au yatieni dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa na msubiri nusu saa kabla ya kunywa. Yahifadhiwe kwenye mtungi wenye mdomo mwembamba na kifuniko. Kikombe kinachochovywa ndani ya ndoo pamoja na vidole vya aliyekishika kinarudisha uchafu uliokwisha kuuawa.

Bakuli la mtoto

Chukua nyumba yenye watoto wanne, mmoja akiwa na miezi 18. Ugali upo katikati, na samaki mmoja ndani ya mchuzi. Wa miaka minane anajua kazi yake: tonge kubwa, kidole gumba kinabonyeza shimo, anachota, anameza, anarudi. Wa miaka sita anamfuata mbio. Yule mdogo bado anageuza tonge lake la kwanza mdomoni. Mama anamchovyea lingine kwenye mchuzi na kumpa. Sahani inapokwisha, kila mtu anaona wameshiba, kwani sahani ni tupu. Kumbe mdogo amekula matonge matatu ya ugali na hakuonja samaki hata kidogo.

Mtoto chini ya miaka miwili awe na bakuli lake, na mtu mzima au dada mkubwa akae naye mpaka amalize. Aketi pale pale na wenzake; anachotenganishiwa ni chakula tu. Mpaka miezi 6 anyonye maziwa ya mama pekee, bila maji. Akifika miezi 6 aanzishiwe vijiko viwili au vitatu vya chakula kilichopondwa. Kuanzia miezi 9 ale nusu ya bakuli la robo lita mara tatu au nne kwa siku, na akivuka mwaka mmoja, robo tatu hadi bakuli zima, huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi.

Na anayehitaji nyama ya samaki kuliko wote ndiye anayepewa mchuzi. Mchuzi ni maji yenye ladha. Mpeni mnofu, mkiupapasa kwa vidole vilivyonawa ili kutoa miiba. Omena ndio hazina yetu kubwa, kwani huliwa mzima pamoja na mifupa, na humo mna kalsiamu, madini ya chuma na zinki. Nunueni waliokaushwa juu ya wavu au kichanja, si juu ya mchanga. Waosheni kwa maji ya moto, muwakaushe kwenye sufuria, muwatwange wawe unga laini na kuuchekecha. Kijiko kimoja cha unga huo ndani ya uji wa wimbi kinaufanya uwe chakula kamili zaidi.

Mhudumu wa afya ya jamii akija na mkanda wa kupimia mkono, mleteni mtoto apimwe. Aliye kati ya miezi 6 na miaka 5 ambaye mzingo wa mkono wake haufikii sentimita 11.5 ni mgonjwa na anahitaji kituo cha afya leo, hata kama anacheza.

Kuku, mayai na mama mwenye mimba

Zamani wanaume wa Kiluo walikula na wana wao wa kiume kwenye kibanda cha mzee, akina mama na watoto wadogo wakala jikoni. Kuku na mayai havikuwa vya wanawake. Kwa Waluhya pia mwanamke alinyimwa kuku, na firigisi mpaka leo ni ya baba. Miiko hiyo imelegea sana mjini, lakini haijatoweka. Bado utasikia kwamba mtoto akila yai atachelewa kuongea. Si kweli, yai linamjenga mwili na ubongo.

Wanaopungukiwa damu zaidi ni wajawazito na watoto wadogo, na eneo letu la ziwa lina malaria nyingi kuliko sehemu nyingine za Kenya, ambayo nayo hula damu. Kumnyima mama mwenye mimba yai, kuku au ini katika hali hii ni kumwongezea hatari ya kufa wakati wa kujifungua. Baba akipakuliwa kipande kikubwa na akakigawa mwenyewe, hakuna desturi iliyovunjwa. Mama naye ameze vidonge vya kuongeza damu anavyopewa kliniki, na chai aisubirishe saa moja baada ya chakula, kwa sababu chai huzuia chuma kuingia mwilini.

Mboga za kienyeji tunazo: apoth, dek, osuga, kunde. Profesa Mary Abukutsa-Onyango, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Maseno hapa kwetu kabla ya kwenda Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, alitumia miaka mingi kuonyesha kwamba mboga hizi zilizoitwa za maskini zina lishe nyingi. Zisichemshwe hadi zife, na zitiwe mafuta kidogo. Mgongo wazi, yaani mifupa ya mbuta iliyokaangwa, kutoka Obunga nao una nyama ya kutosha ukichokolewa vizuri. Angalieni tu mafuta ya anayekaanga. Yakiwa meusi na mazito, nunueni kwa mwingine.

Mtu akianza kuharisha

Mtengeeni sahani na kikombe chake kwa siku hizo, na mumweleze kwa upole kwamba ni kwa muda. Asipikie wengine. Mpeni maji ya chumvi za kuongeza maji mwilini, ambazo hutolewa kliniki na kuuzwa katika maduka ya dawa. Zisipokuwepo, changanyeni lita moja ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chumvi. Mtoto anywe kidogo kidogo kila dakika chache, aendelee kunyonya na kula. Kinyesi kikiwa kama maji ya mchele, macho yakiingia ndani, mkojo ukikatika au mtoto akishindwa kunywa, msisubiri kupambazuke: nendeni hospitali usiku huo huo huku mkimnywesha njiani. Vidonge vya zinki mnavyopewa mtoto avimeze kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuharisha kumekoma siku ya tatu.