Chuma Mwilini: Hazina Isiyo na Mlango wa Kutokea

Mwaka jana, muhula wa pili, nilianguka kwenye gwaride la Jumatatu asubuhi, bendera ikiwa bado haijafika juu. Wengine walisema ni njaa, wengine wakasema mengine ambayo siwezi kuyaandika hapa. Kwenye zahanati nilidungwa kidole, damu ikapimwa, nikaambiwa himoglobini ni 8.6 kwa sababu nimepungukiwa na madini ya chuma. Nilitaka kucheka. Chuma? Hicho cha misumari? Tangu siku hiyo nimemsumbua sana mwalimu wetu wa Bayolojia, na haya ndiyo niliyoyapata.

Naam, ni hicho hicho. Mwili wa mtu mzima una gramu 3 hadi 4 hivi za chuma, yaani uzito wa msumari mmoja tu. Kama thuluthi mbili zake zimo ndani ya himoglobini, ile protini inayoipa damu rangi nyekundu. Kila molekuli ya himoglobini ina atomu 4 za chuma, na hizo ndizo hushika oksijeni mapafuni. Chuma kikipungua, oksijeni haifiki ya kutosha kwenye ubongo na misuli. Ndipo mtu huona kizunguzungu, moyo humwenda mbio akipanda ngazi, na darasani husinzia akaitwa mvivu.

Lililonishangaza zaidi ni hili. Chumvi ikizidi mwilini hutoka kwa mkojo, lakini chuma hakina njia kama hiyo. Seli nyekundu huishi siku 120 hivi. Ikizeeka humezwa na seli nyingine kwenye wengu na ini, kisha chuma chake hurudishwa kwenye uboho wa mifupa kutengeneza seli mpya. Uboho unahitaji miligramu 20 hadi 25 kila siku, na kumbe kinachoingia kutoka kwa chakula ni miligramu 1 au 2 tu! Hizo hufidia kile kidogo kinachopotea kwa ngozi inayobambuka na, kwetu wasichana, kwa hedhi. (Wavulana msicheke, hii ni sayansi.)

Basi kwa kuwa hakuna mlango wa kutokea, mwili hulinda mlango wa kuingilia. Bawabu ni homoni ya ini iitwayo hepsidini, iliyotambuliwa karibu mwaka wa 2000. Akiba ikiwa nyingi, hepsidini hupanda na kufunga milango ya seli za utumbo mwembamba. Chuma hukwama humo, na seli hizo zikibambuka baada ya siku chache huenda nacho chooni. Akiba ikipungua, hepsidini hushuka na milango hufunguka. Bawabu huyu hufunga pia mtu anapougua malaria, maana vijidudu navyo vinakitaka chuma.

Hilo la malaria si mzaha. Kisiwani Pemba, katika utafiti, watoto wadogo walipewa chuma na asidi ya foliki bila kuchagua nani amepungukiwa. Mwaka wa 2003 ilibidi chuma kisimamishwe, kwa sababu waliokipata walikuwa wakilazwa hospitalini au kufariki kwa wingi zaidi kuliko wasiokipata. Nami nilipopewa tembe zangu, mama alitaka kumgawia ndugu yangu wa miaka 2 aliyekuwa na homa, ati naye aongeze damu. Muuguzi alimkataza pale pale, akasema, "Mama, huyu apimwe kwanza." Alipopimwa alikuwa na malaria.

Chakula je? Chuma cha nyama, maini na omena huingia kwa urahisi. Cha maharagwe na sukuma wiki huingia kwa shida, ila ukila pamoja na chungwa au limau huingia vizuri zaidi. Adui ni chai! Tanini yake hukishika chuma cha mboga kikapita bure. Kwetu tulikuwa tukiteremsha githeri kwa chai kila jioni, nami nikidhani nimeshiba kila kitu. Siku hizi thamosi hufunguliwa saa moja baada ya kula. Baba bado ananung'unika, lakini nilipopimwa tena baada ya miezi 3 nilikuwa na 12.1.