Bunduki ya Hewa ya Mita 10: Kuipanga Ikufae, Kuipima na Kuitunza

Kijitabu cha walengaji wapya na makocha wa vilabu

Kijitabu hiki ni cha mlengaji aliyekabidhiwa bunduki ya klabu kwa mara ya kwanza, na cha kocha mwenye bunduki moja inayotumiwa na vijana wanne wenye mabega na shingo tofauti. Kinahusu bunduki ya hewa ya mashindano ya mita 10, yenye risasi ya milimita 4.5, mchezo ulioingia Olimpiki mwaka 1984 huko Los Angeles. Hakihusu bunduki za kuwinda wala za kufukuzia ndege shambani.

Shabaha ya mchezo huu ina duara jeusi la milimita 30.5. Katikati yake kuna nukta ya nusu milimita, na hiyo ndiyo kumi. Kwa shabaha za elektroniki alama huhesabiwa kwa desimali hadi 10.9, mchezaji akifyatua risasi 60 kwa dakika 75 akiwa amesimama wima, bila kuegemea chochote. Mtu akishayajua haya huanza kuhangaikia skrubu. Sisi tunasema: skrubu zitakuja, tena kwa mpangilio. Bunduki hupangwa iufuate mwili wa mchezaji kwanza, ndipo vilengeo, ndipo kifyatulio, na risasi na hewa mwisho. Anayegeuza mpangilio huu hutumia risasi nyingi kutafuta kosa mahali lisipokuwepo.

Kabla ya kushika spana

Fungua chemba, hakikisha haina risasi, kisha pitisha uzi wa usalama wa rangi ya kung'aa ndani ya mtutu hadi uonekane pande zote mbili. Kanuni za mashindano zinautaka, na fundi naye autake. Mdomo wa mtutu uelekee kwenye ukuta wa shabaha wakati wote, hata unapokaza skrubu ya kitako.

Na usidhani kwamba kwa kuwa haitumii baruti basi haina sheria. Kabla ya kununua au kuagiza kutoka nje, uliza polisi wanaoshughulikia vibali vya silaha. Swali hilo ni rahisi kuliko kesi ya bandarini.

Mwili kwanza

Vaa koti na viatu vya kulengea kabla ya kupima chochote. Koti huongeza unene begani, na bunduki iliyopangwa ukiwa na fulana itakusaliti siku ya mashindano.

Simama ubavu kwa shabaha, miguu ikiwa na upana wa mabega. Kiwiko cha mkono unaobeba bunduki kikae juu ya mfupa wa nyonga au kwenye mbavu za chini, ili uzito ushuke kwenye mifupa. Bunduki ya mashindano inaruhusiwa kufikia kilo 5.5, na hakuna msuli utakaoubeba uzito huo mara 60 bila kutetemeka. Ukiona bega la mkono huo linapanda, au mkono unachoka baada ya risasi chache, kiegemeo cha mkono ni kifupi mno. Kirefushe. Mikono mirefu huhitaji kiegemeo kifupi, mikono mifupi huhitaji kirefu.

Kisha kichwa. Kosa tunaloliona zaidi vilabuni ni shingo iliyopinda mbele, mchezaji akikifuata kilengeo kama anayechungulia tundu la ufunguo. Kichwa kisimame wima, jicho litazame mbele kwa utulivu, na bunduki ije kwenye uso. Ukilazimika kuinamisha kichwa, pandisha kiegemeo cha shavu au shusha kiegemeo cha bega ili bunduki yote ipande. Ukilazimika kunyoosha shingo mbele, fupisha kitako au sogeza kilengeo cha nyuma kuelekea kwako. Shavu likae kwa uzito uleule kila mara. Shavu likibonyea zaidi safari hii na kidogo safari ijayo, jicho linahama katikati ya tundu, na risasi inahama nalo.

Jaribio linalofuata halina gharama, na kocha asilipite. Mchezaji ainue bunduki, alenge, kisha afumbe macho, avute pumzi mbili na kuzitoa taratibu, halafu afumbue. Bunduki ikiwa imehamia kulia au kushoto kwa shabaha, asiirudishe kwa mikono. Asogeze mguu wa nyuma kidogo, mwili wote uzunguke, arudie. Ikiwa imepanda au imeshuka, arekebishe urefu wa kiegemeo cha mkono au cha bega. Bunduki inayobaki kwenye duara jeusi macho yakiwa yamefumbwa imeshapangwa kwa sehemu kubwa. Inayohitaji kusukumwa ili ifike hapo itarudi ilikotoka wakati uleule wa kufyatua.

Kila kipimo kinachokubalika kiandikwe. Vitako vingi vya kisasa vina mistari na namba. Kwa klabu yenye bunduki moja na wachezaji wanne, daftari la namba hizo lina thamani kuliko kitako kipya, kwa sababu kila kijana anaweza kurudisha mpangilio wake kabla ya zamu.

Vilengeo

Darubini hairuhusiwi katika mchezo huu. Nyuma kuna kilengeo chenye tundu dogo, mbele kuna pete. Jicho hutazama kupitia tundu, hulizungushia duara jeusi ndani ya pete, na kuacha mkanda mweupe sawasawa pande zote.

Wanaoanza hupenda pete ndogo wakiamini kwamba ndiyo inayoleta usahihi. Si hivyo. Pete ikilibana duara jeusi, kila mtikisiko unaonekana kama msiba, na mchezaji huanza kuvizia: anangoja duara likae katikati kisha anafyatua kwa pupa. Pete pana kidogo huacha mkanda mweupe wa kutosha, na jicho lenyewe lina kipaji cha kuona katikati ya mviringo. Anza na pana. Punguza baadaye, mkono ukishatulia.

Ndipo urekebishe. Fyatua risasi tano bila kugusa kilengeo, hata kama ya kwanza imekwenda kando. Tazama katikati ya kundi la matundu, usitazame tundu moja, kisha sogeza kilengeo. Bunduki nyingi za klabu zimetoka Ujerumani, kwa watengenezaji kama Feinwerkbau, Walther na Anschütz, na vilengeo vyake vina herufi za Kijerumani: H ni juu, T ni chini, R ni kulia, L ni kushoto. Hapa watu wengi hupotea. Kwa kawaida herufi hizo zinakueleza risasi ilikopiga: ikiwa imepiga kulia, zungusha kuelekea R, nayo itarudi katikati. Kwa kuwa bunduki za kwingine zinaweza kufuata kinyume chake, zungusha vituo kumi, fyatua, uone kundi limekwenda wapi, uandike.

Angalia pia ulalo wa bunduki, kama imesimama wima au imelala upande. Ikilalia kulia, risasi huenda kulia na chini. Kulala kidogo si dhambi, na wapo mabingwa wanaolaza bunduki iwafae usoni. Dhambi ni kulaza leo na kusimamisha kesho. Pima-maji dogo juu ya pete ya mbele humaliza ubishi.

Mhindi Abhinav Bindra, aliyeshinda dhahabu ya mchezo huu Beijing mwaka 2008 na kuwa Mhindi wa kwanza kupata dhahabu ya Olimpiki kwa mchezo wa mtu mmoja, alieleza baadaye kwamba kabla ya fainali aligundua vilengeo vyake vimehama. Alivirekebisha katika risasi za majaribio, akaendelea. Kwa hiyo risasi za majaribio zisitumiwe kupasha mwili tu. Ndizo za kuthibitisha kwamba bunduki uliyoileta bado ndiyo uliyoipanga.

Kifyatulio

Katika bunduki ya hewa ya mashindano hakuna uzito wa chini uliowekwa kwa kifyatulio, tofauti na bastola ya hewa ambayo haipaswi kuwa chini ya gramu 500. Ndiyo sababu vijana hukilegeza hadi kikiguswa tu kinafyatua. Tunashauri kinyume: anza na gramu 100 au zaidi, ushuke polepole. Kidole kinahitaji kuhisi hatua ya kwanza, kisimame, kisha kimalizie ya pili bila kushtuka. Sogeza kifyatulio mbele au nyuma hadi ncha ya kidole ikibonyeze kwa kurudi nyuma moja kwa moja, bila kidole kugusa kitako. Bunduki nyingi zina swichi ya mazoezi bila risasi. Itumieni sana, kwani haili hewa wala senti.

Risasi

Risasi za shabaha zina kichwa bapa kinachokata tundu safi kwenye karatasi, na uzito wa karibu nusu gramu. Makopo hutofautiana ukubwa wa kichwa, kwa mfano milimita 4.49, 4.50 au 4.51, na kila mtutu una chaguo lake. Ili kulijua, ifunge bunduki kwenye jiriwa yenye mpira ili mtutu usiumie, fyatua risasi kumi za kila kopo kwenye karatasi tofauti, ulinganishe. Kopo zuri hufanya matundu kumi yaingiliane kuwa moja. Lakini mchezaji ambaye makundi yake bado ni mapana kama sahani ya chai asipoteze fedha kwa jaribio hili. Tofauti ya makopo ni ndogo kuliko mtikisiko wake.

Risasi hizi ni risasi kweli, yaani madini ya sumu. Usizitie mdomoni, usile ukiwa uwanjani, nawa kwa sabuni ukimaliza. Vumbi la kwenye kizuizi cha shabaha lifutwe kwa kitambaa kibichi, lisifagiliwe kavu, na wajawazito na watoto wadogo wasipewe kazi hiyo.

Hewa na mtungi

Mitungi mingi hujazwa hadi bar 200, kisha regyuleta huishusha presha hiyo ili kila risasi itoke kwa mwendo uleule, karibu mita 170 kwa sekunde. Geji ikishuka kwenye kiwango cha mwisho kilichoandikwa kwenye kitabu cha bunduki, mwendo unapungua na risasi zinaanza kushuka. Wengi hukimbilia kilengeo. Tazama geji kwanza.

Hewa iwe kavu. Pwani, ambako unyevu ni mwingi, vituo vya uzamiaji vina kompresa zenye vichujio na vingi vina ujuzi wa kujaza hewa safi. Ulizeni kama wana adapta ya mtungi wenu. Usijaze oksijeni kamwe, wala usipake mafuta ya kawaida kwenye mdomo wa mtungi au vali, kwa sababu mafuta na presha kubwa vinaweza kulipuka. Chuma cha nje kifutwe chumvi na jasho baada ya kila zoezi.

Juu ya mtungi kuna tarehe. Mitungi mingi ya mashindano ina ukomo wa miaka 10 tangu kutengenezwa, na kuhakikisha haijapita ni jukumu la mchezaji mwenyewe. Isome leo. Uliopita tarehe hautakiwi kujazwa tena, hata kama geji yake bado inasoma vizuri na hata kama mwenye kompresa anakubali.