Pengo Si Sifuri: Tutunze Ukweli wa Takwimu za Mtaa Wetu



Sensa ya Watu na Makazi, ambayo siku yake ilikuwa tarehe 23 Agosti 2022, ilihesabu watu 61,741,120 nchini. Hesabu kubwa namna hiyo huanzia mlangoni pa kaya moja, na ndipo makosa nayo yanapoanzia.

Tuchukue mfano. Karani anaziuliza kaya tano za Kwa Mrombo zinatumia ndoo ngapi za maji kwa siku. Kaya nne zinajibu: 4, 5, 6 na 5. Kaya ya tano hakuna mtu. Wastani wa waliojibu ni ndoo 5. Karani akiijazia kaya ya tano sifuri, wastani unashuka hadi 4, kana kwamba familia ile haitumii maji. Akiteleza akaandika 60 badala ya 6, wastani wa kaya nne unapanda hadi 18.5. Mpango wowote utakaojengwa juu ya namba hizo utakwenda upande.

Zipo njia za kuepuka hayo:

1. Pengo liandikwe kuwa pengo, yaani "hakujibu". Sifuri ni jibu. Pengo si jibu.

2. Namba isiyo ya kawaida isifutwe kwa kubahatisha. Karani arudi kuuliza. Asipompata mhusika, namba ya kati husaidia: katika 4, 5, 5 na 60, namba ya kati ni 5.

3. Kaya iliyokosekana itembelewe tena kwa saa nyingine. Wanaotoka alfajiri kwenda kibaruani au sokoni huenda wakawa na mahitaji tofauti na wanaoshinda nyumbani. Wakiachwa, takwimu huelemea upande mmoja.

4. Makadirio yakilazimika, yafuate kaya zinazofanana, na taarifa iseme wazi kuwa ni makadirio.

Nawe unao wajibu. Taja umri kamili badala ya kukisia 30 au 40, na usiogope kusema "sijui". Sheria ya Takwimu, Sura ya 351, inalinda usiri wa taarifa zako.

Kaya isiyohesabiwa haionekani kwenye mpango wa maji, madawati wala dawa. Karani akibisha hodi, mkaribishe, mjibu kweli.