Kigae Nacho Husomwa

Jembe lako likigonga kigae cha chungu, wewe hukitupa tu. Kumbe wapo wanaovisomea vigae chuoni! Elimu hiyo huitwa akiolojia.

Mwaka 1967 wataalamu Sutton na Roberts walichimba Uvinza, mkoani mwetu Kigoma. Wakaona kwamba chumvi ilichemshwa pale zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Mchimbaji hujuaje kipi kilitangulia? Kwa kawaida cha chini ndicho cha zamani zaidi.

Mwanao akiipenda kazi hii si lazima aanzie ng'ambo. Tangu 1985 inafundishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wengine huongeza elimu nje: Felix Chami alipata udaktari (siyo ule wa hospitali) Uppsala, Sweden, mwaka 1994.

Basi ukikuta vigae vingi pamoja, usivifukue. Kaarifu serikali ya kijiji. Vikishachanganywa, hata msomi wa Ulaya hupata shida kujua kipi kilitangulia.