Lugha ya Mhudumu wa Afya kama Kipimo cha Maadili Kazini: Mtazamo wa Isimujamii

Ikisiri

Mijadala kuhusu maadili ya wahudumu wa afya nchini Kenya huelekezwa zaidi kwenye utoro kazini, hongo na wizi wa dawa. Makala haya yanautazama upande usiozungumziwa sana, yaani lugha. Yanadai kwamba sehemu kubwa ya ukiukaji wa maadili hospitalini hutendwa kwa maneno, na kwamba maneno hayo mara nyingi ni ya Kiswahili, ilhali sheria inayoyakataza husomwa kwa Kiingereza. Kwa kuongozwa na nadharia ya uungwana, makala yanachambua mambo manne: namna ya kumwita mgonjwa, namna ya kumwamuru, namna ya kuitaja hali yake, na kiwango cha sauti kinachotumiwa kuitaja. Mwishoni yanapendekeza mchango ambao wanafunzi wa Kiswahili wanaweza kuutoa.

1.0 Utangulizi

Wahenga walinena kuwa heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Hospitali ni mojawapo ya mahali ambapo methali hii hudhihirika waziwazi. Mtu alazwapo huacha mlangoni karibu kila kitu kinachompa hadhi: mavazi yake, cheo chake, na mara nyingine hata jina lake. Mwalimu mkuu na mchuuzi wa mboga huvishwa vazi lile lile na kulala kwenye vitanda vinavyofanana. Katika hali hiyo, jinsi mtu anavyosemezwa huwa ndicho kipimo cha pekee cha utu wake kilichobaki.

Ukweli huu ulijitokeza katika kesi iliyoamuliwa na Mahakama Kuu mjini Bungoma mnamo Machi 2018. Mwaka 2013, miezi michache tu baada ya serikali kuondoa ada za kujifungua katika vituo vya umma, mama mmoja alijifungulia sakafuni kwenye ushoroba wa hospitali ya umma mjini humo. Badala ya kusaidiwa, alitukanwa na kupigwa makofi na wauguzi, na tukio hilo likanaswa kwenye video. Mahakama ilishikilia kuwa haki zake, ikiwemo haki ya kuheshimiwa utu, zilikiukwa. Ilimpa fidia ya shilingi milioni 2.5 na kuagiza aombwe radhi rasmi. Kwa mwanaisimu, agizo hilo la mwisho lina uzito wa pekee. Kosa lilitendwa kwa mkono na kwa ulimi, na mahakama ikaona kwamba fedha peke yake hazitoshi kulifidia, bali ni lazima neno nalo lijibiwe kwa neno.

Kisa hiki hakikuwa cha kipekee. Utafiti uliofanywa chini ya mradi ulioitwa Heshima, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2015, uliwahoji wanawake 641 waliokuwa wamejifungua katika vituo 13 nchini Kenya. Asilimia 20 kati yao walieleza kuwa walidhalilishwa kwa namna moja au nyingine. Waliosema walihudumiwa bila staha walikuwa asilimia 18, na waliopigwa au kuumizwa mwili walikuwa asilimia 4.2. Takwimu hizi zinaashiria kuwa jeraha la staha hutokea mara nyingi zaidi kuliko jeraha la mwili. Hata hivyo, huyu wa kofi huweza kuonyesha alama, ilhali aliyetukanwa hana alama ya kuonyesha.

2.0 Msingi wa Kisheria

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inatamka katika Kifungu cha 28 kwamba kila mtu ana utu wa kuzaliwa nao na haki ya utu huo kuheshimiwa na kulindwa. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kupata kiwango cha juu zaidi cha afya kinachoweza kufikiwa. Mwaka 2013 Wizara ya Afya ilitoa Mkataba wa Kitaifa wa Haki za Wagonjwa, nayo Sheria ya Afya ya mwaka 2017 ikasisitiza haki ya kuhudumiwa kwa heshima na faragha.

Muhimu zaidi kwa mjadala huu ni kifungu cha 8 cha Sheria hiyo ya 2017. Kinamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake, matibabu yanayowezekana pamoja na faida, madhara na gharama zake. Inapowezekana, maelezo hayo yatolewe kwa lugha ambayo mgonjwa anaielewa na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha elimu. Kwa hiyo, katika sheria ya Kenya, uteuzi wa lugha si suala la hisani ya mhudumu bali ni sehemu ya wajibu wake wa kikazi. Ridhaa iliyotolewa na mtu asiyeelewa alichoambiwa ni ridhaa ya jina tu.

3.0 Msingi wa Kinadharia

Makala haya yanaongozwa na nadharia ya uungwana iliyoasisiwa na Penelope Brown na Stephen Levinson, ambao kazi yao ilichapishwa kama kitabu mwaka 1987. Kwa mujibu wa wataalamu hawa, kila mzungumzaji ana uso, yaani taswira yake mbele ya watu, ambayo angependa ilindwe. Uso huo una pande mbili: uso chanya, ambao ni haja ya kukubaliwa na kuthaminiwa, na uso hasi, ambao ni haja ya kutoingiliwa wala kulazimishwa. Baadhi ya kauli hutishia uso kwa asili yake, kwa mfano amri, lawama na maswali ya ndani. Ukali wa tishio hutegemea umbali wa kijamii uliopo baina ya wazungumzaji, tofauti ya mamlaka yao, na uzito wa jambo lenyewe katika utamaduni husika.

Hospitalini mambo haya matatu hukutana kwa wakati mmoja. Wanaozungumza hawajuani, mmoja ana mamlaka makubwa juu ya mwili wa mwenziwe, na mada ni mambo ambayo kwingineko hutajwa kwa tafsida. Kwa sababu hiyo, kauli ambayo sokoni ingepita bila kutambuliwa huweza kuumiza wodini.

4.0 Uchambuzi

4.1 Namna ya Kuita

Tuchukue mfano wa kubuni wa mazungumzo mawili katika wodi ya wazazi.

Muuguzi A: Wewe! Panda hapo. Mbona unapiga kelele? Ulipokuwa ukitafuta hiyo mimba ulilia?

Muuguzi B: Karibu, mama. Mimi ni Sista Rehema, niko zamu hadi asubuhi. Naomba upande kitandani nikupime nione njia imefunguka kiasi gani. Uchungu ukizidi, niite.

Muuguzi A ameanza kwa kiwakilishi "wewe" kilichosimama peke yake. Katika Kiswahili, nafsi huwa tayari imebebwa na kitenzi, hivyo "wewe" inayotangulia pasipo jina wala cheo huwa ni kama kidole kinachonyooshwa. Muuguzi B amempa mgonjwa cheo cha heshima, akajitambulisha kwa jina na kueleza kinachofuata kabla ya kumgusa. Sentensi zake hazikuchukua hata nusu dakika. Hoja kwamba heshima hupoteza muda, kwa hiyo, haina mashiko.

Hata hivyo, neno "mama" lenyewe lahitaji uangalifu. Katika wodi ya wazazi kila mgonjwa huitwa "mama", hata aliyefiwa na mtoto usiku uliotangulia. Kwake cheo hicho chaweza kuwa msumari juu ya kidonda, na jina lake lingemfaa zaidi. Vivyo hivyo, kumwita mgonjwa "kitanda cha saba" au "yule wa sukari" humgeuza mtu kuwa samani au ugonjwa.

4.2 Namna ya Kuamuru

Wanafunzi wa isimujamii hufundishwa kuwa sajili ya hospitalini ina amri nyingi na sentensi fupi. Maelezo haya ni sahihi, lakini yasipofafanuliwa huweza kuhalalisha ukali. Ni muhimu kutofautisha amri inayouhudumia mwili na kauli inayoushambulia utu. Mtoto anapokaribia kutoka, mkunga husema "Sukuma!" na mara "Pumua, usisukume!" Hapo hakuna nafasi ya "tafadhali" wala "naomba". Ufupi wa kauli ndio unaookoa maisha, na mgonjwa huitambua amri hiyo kuwa ya huruma. Brown na Levinson wenyewe wanakiri kwamba dharura huondoa haja ya kuipamba kauli.

Swali la Muuguzi A, "Ulipokuwa ukitafuta hiyo mimba ulilia?", haliko katika kundi hilo. Kwa umbo ni swali, lakini halitafuti jibu. Haliufanyii mwili lolote. Kazi yake pekee ni kumwaibisha mwenye uchungu. Hapa ndipo kipimo cha maadili kinapopatikana: je, kauli hii inamsaidia mgonjwa afanye nini? Kama haina jibu la kitabibu, basi haina nafasi wodini.

Pale pasipo na dharura, sarufi ya Kiswahili ina njia rahisi ya kupunguza makali. "Lala" huwa "naomba ulale". "Vua" huwa "utavua shati ili nisikilize kifua". Kiishio -e katika "ulale" hubadilisha amri ikawa ombi, na kishazi "ili nisikilize kifua" humpa mgonjwa sababu. Mtu aliyepewa sababu hujihisi mshirika katika matibabu yake.

4.3 Namna ya Kuitaja Hali ya Mgonjwa

Mfano wenye athari kubwa zaidi ni wa mama aliyepoteza mimba. Katika Kiingereza cha kitabibu, neno abosheni hutumiwa kwa mimba iliyotoka yenyewe na pia kwa mimba iliyotolewa kwa makusudi. Katika kumbukumbu za hospitali neno hilo halimlaumu mtu. Tatizo huzuka linapohamishiwa katika Kiswahili, kwa kuwa Kiswahili hulazimisha uteuzi. "Mimba imetoka" na "ametoa mimba" ni kauli zinazotofautiana kwa sauti chache tu, lakini zimetengana kimaana kama mbingu na ardhi. Kitenzi "toka" si elekezi, nayo mimba ndiyo kiima. Hakuna mtenda. Kitenzi "toa" ni elekezi, na kiima chake ni mwanamke mwenyewe. Kauli "mimba imeharibika", iliyo katika kauli ya kutendeka, nayo haimtaji mtenda yeyote.

Muuguzi anayesoma faili na kumwambia mama mkwe aliyekuja kumjulia hali mgonjwa kuwa "ametoa mimba" atakuwa amefanya makosa mawili kwa sentensi moja. Kwanza, amevunja siri ya mgonjwa. Pili, amemtuhumu kwa jambo ambalo Kifungu cha 26 cha Katiba hakiliruhusu ila katika hali maalumu. Mwanamke huyo hurudi nyumbani akiwa na msiba na tuhuma pamoja, na ndoa huweza kuvunjika kwa sababu ya kitenzi. Hili si kosa la tafsiri tu. Ni kosa la kimaadili, na linazuilika kwa mafunzo ya saa moja.

4.4 Kiwango cha Sauti

Uungwana si suala la maneno tu bali pia la mahali na sauti. Muuguzi anayeuliza kwa sauti kwenye foleni, "Nani amekuja kuchukua dawa za kupunguza makali ya virusi?", huenda hajatumia neno lolote baya. Hata hivyo, anayesimama kujibu atakuwa amejitangaza mbele ya majirani zake. Kenya ilipitisha sheria ya kuzuia na kudhibiti UKIMWI mwaka 2006, nayo inakataza kufichua hali ya mtu pasipo idhini yake. Sheria ya Afya nayo inalinda taarifa zote za mgonjwa. Katika muktadha huu, kunong'ona ni sehemu ya weledi wa kazi.

5.0 Mzigo wa Mhudumu

Haitakuwa haki kuhukumu lugha ya mhudumu bila kutazama mazingira yake. Mgomo wa madaktari wa vituo vya umma ulioanza Desemba 2016 ulidumu siku 100, na katika mwaka 2017 wauguzi nao waligoma kwa takribani miezi mitano. Muuguzi mmoja anapoachiwa wodi nzima usiku, uchovu wake huonekana kwanza katika ulimi. Kuna pia matusi yanayotoka kwa wagonjwa na jamaa zao. Sheria ya Afya inalitambua hili: inamtaka mgonjwa naye amheshimu mhudumu, na inampa mhudumu haki ya kukataa kumtibu anayempiga au kumtusi, isipokuwa katika dharura.

Hata hivyo, uchovu hueleza kosa, hauliondoi. Mhudumu akishambuliwa huweza kuondoka, kuripoti au kugoma. Mama aliye katikati ya uchungu hana pa kwenda. Tofauti hiyo ya mamlaka ndiyo inayoufanya wajibu wa mhudumu kuwa mzito zaidi. Heshima si utumwa, na mwenye nguvu ndiye anayetarajiwa kuianzisha.

6.0 Hitimisho na Mapendekezo

Makala haya yameonyesha kuwa maadili ya mhudumu wa afya hupimika katika vipashio vidogo vya lugha: kiwakilishi, kiishio cha kitenzi, uteuzi kati ya "toa" na "toka", na kiwango cha sauti. Inapendekezwa, kwanza, kuwa vyuo vya uuguzi na utabibu vifundishe mawasiliano kwa Kiswahili kama sehemu ya maadili ya kazi, pamoja na mazoezi ya mazungumzo. Pili, mikataba ya huduma inayobandikwa katika vituo vya afya iandikwe kwa Kiswahili sanifu kinachoeleweka, maadamu Kifungu cha 7 cha Katiba kinakitambua kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Tatu, vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vishirikiane na wanafunzi wa udaktari na uuguzi kuandaa vijitabu vya istilahi ambavyo, mbali na kutoa visawe, vitaeleza pia neno lipi humlaumu mgonjwa na lipi halimlaumu.

Mara nyingi mwanafunzi wa Kiswahili huulizwa taaluma yake itamfaa nani nje ya darasa. Mwanamke anayesubiri nje ya chumba cha daktari, asijue ataambiwa kuwa mimba yake imetoka au kwamba ameitoa, ni jibu mojawapo.