Kufundisha Watoto Kutazama Zaidi ya Mara Moja: Mfano wa Uvimbe wa Ini

Katika mazoezi ya kufundisha hapa Mirongo, mtoto wa darasa la sita aliuliza: "Mwalimu, uvimbe wa ini ni kansa?" Mwalimu mwanachuo akajibu, "Ndiyo." Mtoto akainamisha kichwa. Baadaye tulielewa kwamba baba yake alikuwa na uvimbe wa ini, naye alikuwa akingojea kupigwa picha. Jibu lile halikuwa sahihi. Ndugu wanachuo, tunapendekeza somo lifuatalo.

Maarifa ya Mwalimu
Hospitali ya Bugando, iliyo kilimani mjini Mwanza, ilifunguliwa mwaka 1971, mwaka uleule ambao mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya kichwa kwa skani ya CT huko London. Siku hizi skani hiyo hutumika pia kuchunguza ini.

Ini hupokea damu kwa njia mbili: kiasi cha robo kwa ateri, na robo tatu kwa vena itokayo matumboni. Mgonjwa hudungwa dawa yenye iodini, ambayo huifanya damu ing'ae katika picha. Kisha picha hupigwa kwa nyakati mbalimbali. Kansa iliyoanzia katika ini hutegemea zaidi damu ya ateri. Kwa hiyo aghalabu hung'aa mapema, yapata nusu dakika, kisha hufifia kuliko ini lenyewe. Uvimbe wa mishipa ya damu, ambao si kansa, kwa kawaida hung'aa kuanzia kingoni na kujaa polepole kuelekea katikati. Kifuko cha maji haking'ai.

Zana
Bakuli la maji yenye wino, bakuli la maji safi, sifongo, kitambaa cheupe kilichoviringwa na kufungwa kwa nguvu, na kokoto laini.

Hatua
1. Watoto wabashiri kitakachotokea.
2. Vitu vyote vitatu vitumbukizwe katika wino. Mara moja sifongo itolewe, ikamuliwe katika maji safi, na watoto waandike walichoona.
3. Baada ya dakika chache, kitambaa kikunjuliwe na kokoto ipanguswe. Waandike tena.
4. Waulizwe: "Tungetazama mara moja tu, tungekosea wapi?"

Tahadhari
Huu ni mfano tu. Pengine hata picha hazitoshi, na daktari huchukua kipande kidogo cha ini kikapimwe. Mwalimu asijifanye tabibu. Mtoto akiuliza tena, tumjibu: "Uvimbe wa ini una aina nyingi, na baadhi yake si kansa. Tungoje vipimo."