Gia Ndogo za Brasi: Pima Jino Kabla Hujatoa Pesa

Gia ya brasi, yaani shaba ya manjano, inavutia. Inang'aa, ina uzito mkononi, na anayeishika huona amepata kitu cha kudumu kuliko ile ya plastiki nyeupe iliyong'olewa kwenye gari la kuchezea la mtoto. Vijana ninaojenga nao roboti na magari madogo hapa Dar es Salaam huulizia brasi kabla ya kuuliza jambo lingine lolote. Mimi huwaambia waanze na jino. Meno yasipolingana ukubwa, hata kwa tofauti ambayo jicho halioni, gia zitatafunana tu, ziwe za brasi au za chuma.

Ukubwa wa jino una kipimo chake, moduli, na ukiwa na vernia unakipata mara moja. Hesabu meno, ongeza mawili. Pima kipenyo cha nje, kutoka ncha ya jino hadi ncha ya jino la upande wa pili, kisha ugawe kwa ile jumla. Gia ya meno 10 yenye kipenyo cha milimita 6 ni 6 kugawa kwa 12, yaani moduli 0.5. Hiyo ndiyo utakayokutana nayo mara nyingi kwenye vigari vidogo na roboti za mezani. Angalia tu kwamba gia yenye meno witiri husomeka pungufu, maana jino la upande mmoja hutazamana na pengo la upande wa pili. Ukipata jibu la ajabu kama 0.48 kwenye gia ya meno 9, usishtuke; ni 0.5.

Tatizo linakuja kwenye magari ya rimoti, kwa sababu mengi hufuata hesabu ya inchi. Huko wanatumia pichi, yaani idadi ya meno kwa kila inchi moja ya kipenyo cha gia, na namba ikipanda jino linakuwa dogo. Pichi 48 ukiigeuza inakuwa moduli 0.53 hivi. Tazama inavyodanganya: gia ya meno 10 ya moduli 0.5 ina kipenyo cha milimita 6, ya pichi 48 ina milimita 6.35. Ukizikutanisha zitazunguka, na muuzaji atakuonyesha kwa kidole kwamba zinazunguka. Zipe mota na mzigo ndipo zitakapoanza kulia. Pichi 32 na moduli 0.8 zimekaribiana zaidi, 0.79 kwa 0.8, na wapo wanaozichanganya bila kuona tatizo. Kwenye kigari cha polepole sawa. Kwenye gari la kasi mimi sikubali.

Ukishajua moduli, umejua pia mahali pa kutoboa. Jumlisha meno ya gia zote mbili, zidisha kwa moduli, gawa kwa mbili: huo ndio umbali kati ya shafti na shafti. Meno 10 na meno 41 ya moduli 0.5 yanataka milimita 12.75. Hakuna mfano wa hesabu hii ninaoupenda kuliko Meccano, ule mchezo wa kuunda wa Frank Hornby wa Liverpool, aliyeupatia hataza mwaka 1901. Vipande vyake vina matundu yaliyopishana nusu inchi, na gia zake za brasi zilikatwa kwa pichi 38. Gia ya meno 19 na ya meno 57 jumla yake ni meno 76, nayo yanatoa umbali wa inchi moja kamili, matundu mawili bila kupima kitu. Mtoto alipachika shafti na gia zikakutana zenyewe. Sisi tunaotoboa vipande vya alumini kwa drili ya mkono hatuna bahati hiyo, kwa hiyo lazima tupige hesabu kabla ya kutoboa.

Sasa tundu. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu picha ya gia mtandaoni haikuonyeshi tundu lake vizuri. Ile mota ndogo ya 130, inayojaa kwenye magari ya kuchezea, ina shafti ya milimita 2. Mota ya 380 ina 2.3. Mota ya 540 ya magari ya rimoti ina 3.17, na mota ya N20 yenye giaboksi yake ina 3 iliyochongwa bapa upande mmoja. Kati ya 3 na 3.17 unaweza kuona hakuna kitu. Lakini ukiivisha gia ya 3.17 kwenye shafti ya 3 kisha ukakaza ile skrubu ndogo isiyo na kichwa, skrubu inaisukuma gia upande mmoja, na gia inazunguka ikiwa imehama katikati yake. Nusu ya mzunguko inabana, nusu inalegea. Utalaumu meno kumbe ni tundu.

Kwa shafti ya milimita 2 gia nyingi hukosa skrubu kabisa. Hushikwa kwa kubana, na tundu lake huwa 1.95. Gia ya namna hiyo isukume kwa jiliwa, taratibu, ukiwa umeegemeza ncha ya pili ya shafti. Usigonge kwa nyundo, kwani pigo linaingia ndani ya mota na kuharibu bushi zake. Wengine hushauri kuipasha gia moto itanuke kwanza. Brasi inatanuka kweli kuliko chuma, ila kwenye tundu la milimita 2 kupandisha nyuzi 100 kunakupa sehemu nne tu kati ya elfu za milimita. Jiliwa ndilo litakalofanya kazi.

Nikija kwenye brasi yenyewe, msimamo wangu ni kwamba haina maana kuinunua kabla hujajua itakutana na nani. Brasi kwa brasi si jozi nzuri: metali mbili zinazofanana zikisuguana bila mafuta ya kutosha hung'ang'aniana na kulana. Brasi kwa chuma cha pua au chuma kigumu ni jozi nzuri sana, na mafundi saa wameitegemea kwa karne nyingi, gurudumu kubwa la brasi na gia ndogo ya chuma. Sababu ni hesabu tu. Kwenye meno 10 kwa 41, kila jino la gia ndogo hufanya kazi mara nne na zaidi kila jino la kubwa linapofanya mara moja. Ile inayochoka zaidi ndiyo ipewe metali ngumu. Kwa mantiki hiyohiyo, gia kubwa ikiwa ya plastiki, brasi inakaa vizuri kwenye shafti ya mota: ndogo ngumu, kubwa laini, na sauti inapungua.

Namba 41 pia sikuichagua bure. Ingekuwa 40, kila jino la gia ndogo lingerudi kukutana na meno yaleyale manne maisha yake yote, na jino moja bovu lingeyatafuna hayo manne. Kwa 41 meno yanapeana zamu na uchakavu unasambaa.

Usijaribu kuchanganya gia za saa kuukuu na gia za mota. Najua zinapatikana, na ni nzuri kwa macho, lakini umbo la jino la saa limechongwa kwa hesabu nyingine, ya gurudumu kubwa kuiendesha ndogo. Gia za printa na fotokopi zilizokufa zinafaa zaidi, mradi utazame kama meno yamenyooka au yana mshazari. Yenye mshazari lazima yakae na jozi yake.

Uzito nao ufikirie. Brasi ni kama mara sita ya plastiki ile nyeupe ngumu ya gia, kwa ukubwa uleule. Roboti ya betri mbili ndogo haihitaji gurudumu la brasi la meno 60. Na kadiri unavyosogea kutoka kwenye mota kwenda kwenye tairi, mwendo unapungua na nguvu ya kuzungusha inaongezeka, kwa hiyo jozi ya mwisho ndiyo inayovunjika. Mimi huanza na moduli 0.5 kwenye mota na kumaliza na 0.8 au 1 kwenye ekseli. Ndiyo sababu pia zile N20 zenye uwiano mkubwa mno hazipaswi kuzuiwa zikiwa na umeme: mota ina uwezo wa kuvunja meno ya giaboksi yake yenyewe.

Wakati wa kufunga, weka kipande cha karatasi ya kawaida ya kuchapia kati ya meno ya gia mbili, zisogeze zikutane, kaza mota, kisha zungusha karatasi itoke. Pengo lililobaki linatosha gia kucheza kidogo bila kugongana. Paka grisi nyepesi, tone tu, na kama ulipiga tupa brasi nawa mikono kabla ya kula, kwa kuwa brasi ya kukereza huwa na risasi kidogo ndani yake. Endesha gari kwa volti ndogo kwanza, bila mzigo, halafu futa grisi kwa kitambaa cheupe. Vumbi kidogo jeusi ni la kawaida. Ukiona chembe nyingi za manjano, legeza mota urudie karatasi.